Gari ndogo ya mbio ya okazyo mjini Goma: kutafuta ubovu kabla ya kununua piesi

Wiki chache baada ya gari kuvuka mpaka na kuingia Goma, mwenye gari mara nyingi anajikuta garaji. Taa ya moteri imewaka kwenye tabulo, ama gari inatetemeka ikisimama, ama maji yanachemka wakati wa kupanda kwenda Kibumba. Fundi anasikiliza dakika mbili, anafungua kofia ya mbele, kisha anatoa hukumu: moteri imekufa, itafutwe ingine. Kwa mtu aliyeweka akiba miaka mingi, pengine pamoja na deni la kikundi cha AVEC, neno hilo ni zito. Anauza kitu kingine cha nyumba ili anunue moteri ya okazyo, moteri ambayo nayo hakuna anayejua imefanya kilomita ngapi.

Mara nyingi hukumu hiyo inakuja mapema sana. Gari za aina hii zinafika na ubovu mdogo mdogo ulioachwa muda mrefu bila kutunzwa, na hali ya Goma yenyewe, yaani urefu wa mji, vumbi la volkano, makoro na esansi ya barabarani, inaongeza dalili ambazo zinafanana na kifo cha moteri. Dalili moja inaweza kuwa na sababu tano. Kuzitenganisha hakuhitaji pesa nyingi. Kunahitaji kupima kwa utaratibu, kuanzia kitu cha bei ndogo, na kukataa kununua piesi kwa kubahatisha.

Gari zenyewe

Vijana wa Goma wanaotaka gari ndogo yenye mbio wanatafuta zaidi Toyota: Vitz RS, na Corolla RunX pamoja na pacha wake Allex. Vitz ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1999 na ya pili mwaka 2005. RunX na Allex zilitengenezwa kuanzia 2001 hadi 2006. Kwa hiyo hata ile inayong'aa kuliko zote si gari mpya. Ni gari ya karibu miaka ishirini iliyopakwa rangi vizuri.

Kitu cha kwanza ni kujua umenunua nini. Gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani haina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Ina namba ya chasisi inayoanza na kodi ya modeli, na inasomeka kwenye kibati ndani ya chumba cha moteri. NCP13 na NCP91 ni Vitz RS zenye moteri ya 1NZ-FE, lita 1.5. RunX ama Allex iliyoandikwa NZE121 ina moteri hiyo hiyo ya lita 1.5. ZZE122 ina 1ZZ-FE ya lita 1.8. ZZE123 ndiyo kali yenyewe: ina 2ZZ-GE, lita 1.8, farasi 190 kwa hesabu ya Japani, na zingine zina vitesi sita vya mkono. Muuzaji anaweza kubandika maandishi ya "Z" kwenye gari yoyote, lakini kibati ni vigumu zaidi kudanganya. Namba hiyo ilingane na ile ya karatasi za duwane na ya karti roze. Kama hailingani, shida ya kwanza ya gari si ya ufundi.

Wenye 1NZ-FE wana bahati moja kubwa: ni moteri iliyo ndani ya Probox ya 1.5, ile inayobeba abiria na mizigo kila siku. Piesi zake zinapatikana na mafundi wanaijua. Mwenye 2ZZ-GE atasubiri piesi kutoka Kampala, Kigali ama mbali zaidi, kwa hiyo kosa lake la kubahatisha lina bei kubwa. Mwenye Volkswagen Golf GTI ajue kwamba yuko peke yake zaidi. Kwa ile ya kizazi cha tano yenye turbo, mtu aangalie kwanza mkanda wa taimingi umebadilishwa lini, kisha kile kipande kidogo kinachosukuma pompi ya esansi juu ya kamshafti, maana kinalika hadi kutoboka. Kama ina bwati ya DSG ya vitesi sita, mafuta ya bwati yanabadilishwa kila kilomita 60,000. Toyota zilizotajwa hapa zinatumia cheni, si mkanda, kwa hiyo fundi anayedai kubadilisha mkanda wa taimingi wa Vitz RS anastahili kuulizwa ameuona wapi.

Kuhusu kilomita, tarakimu za kwenye tabulo zinarudishwa nyuma kirahisi. Wajapani wana desturi ya kubandika karatasi ndogo kwenye fremu ya mlango ama ndani ya kofia ya moteri kila mafuta yakibadilishwa, pamoja na tarehe na kilomita. Kama karatasi inasema 118,000 na tabulo inasema 74,000, jibu liko hapo. Mpira pia unasema umri wake: tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu, kwa mfano 3216, maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2016. Mpira wenye zaidi ya miaka kumi unaweza kuwa na meno mazuri na bado ukapasuka njiani.

"Haina nguvu": pengine ni Goma, si moteri

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Farasi 190 za karatasi zinakuwa kama 160 hapa Goma, na 110 za Vitz RS hazifiki 95. Mtu aliyeendesha gari ya aina hiyo Mombasa ama Dar es Salaam, kisha akainunua na kuileta Goma, ataona imelegea. Haijalegea.

Urefu huu unadanganya hata kipimo cha kompresyo, na hapa moteri nzima nyingi zinahukumiwa bure. Kitabu cha Toyota kinatoa namba zilizopimwa karibu na usawa wa bahari. Kwa mita 1,500, moteri yenye afya itaonyesha karibu asilimia 15 chini ya hapo, kwa sababu hewa inayoingia ni kidogo. Kitu cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda: isizidi bar moja. Silinda nne zote zikiwa chini kidogo lakini sawa sawa, moteri iko mzima. Moja ikianguka mbali na zingine, fundi atie kijiko kimoja cha mafuta ya moteri ndani ya ile silinda kupitia tundu la bujia, apime tena. Namba ikipanda, segma, ile pete ya pistoni, ndiyo imechoka. Isipopanda, ubovu uko juu: supapu ama jwenti ya kulasi. Kipimo chenyewe kifanywe moteri ikiwa ya moto, bujia zote zimetolewa, mguu umekanyaga pedali ya esansi hadi mwisho. Ukipimwa vinginevyo, hiyo namba haina maana.

Anza asubuhi, moteri ikiwa baridi

Gari iliyowashwa kabla ya mnunuzi kufika imefichwa kitu, ama muuzaji hana subira. Moteri iguswe kwanza kwa mkono, iwe baridi. Kisha ufunguo uzungushwe hadi kontakti bila kuwasha. Taa zote za tabulo zinapaswa kuwaka: ya moteri, ya mafuta, ya bateri, ya freni, ya erbagi. Nyingi zinazimika moteri ikiwaka, zingine baada ya sekunde chache. Taa ambayo haikuwaka kabisa ni ya kuogopwa kuliko ile iliyobaki inawaka, kwa maana mtu ametoa balbu yake ama ameifunika ili mnunuzi asiione. Taa ya moteri na ya erbagi ndizo zinazofichwa zaidi.

Kama moteri inazunguka polepole asubuhi, bateri ipimwe kwa multimetri kabla ya kutupwa. Ikiwa imepumzika usiku mzima, volti 12.6 ni nzuri, chini ya 12.2 imechoka ama haikujazwa. Moteri ikiwaka, namba ipande kati ya 13.8 na 14.5, isipopanda, alternateri ama waya wake ndio wenye kosa, na bateri mpya nayo itakufa ndani ya siku chache. Bateri ndogo za Kijapani zina ncha nyembamba. Hapa mara nyingi inawekwa bateri ya ncha nene na vichwa vya waya vinapanuliwa kwa nguvu, ama kinyume chake, ncha nyembamba inajazwa kwa kibati cha kopo. Kichwa kinachocheza kwenye ncha kinatosha kufanya gari ikatae kuwaka leo na ikubali kesho. Kabla ya kununua chochote, vichwa visafishwe na vikazwe.

Moshi wa asubuhi nao usomwe bila haraka. Mvuke mweupe kwa dakika chache katika baridi ya Goma ni maji tu ndani ya bomba. Mweupe usioisha, wenye harufu tamu, huku maji ya radiateri yanapungua, ni jwenti ya kulasi. Wa buluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Mweusi ni esansi nyingi kuliko hewa, na hapo filtri ya hewa iangaliwe ya kwanza. Vumbi la Goma si udongo wa kawaida: ni unga wa mawe ya volkano, wenye makali, na unaziba filtri haraka kuliko kitabu kinavyosema. Filtri ikishikwa mbele ya jua na mwanga haupiti, ibadilishwe. Kuiondoa ili gari "ipumue" na kutoa sauti ya mashindano, kama vijana wengine wanavyofanya, ni kumwaga msasa ndani ya silinda.

Taa ya moteri imewaka

Taa hii haisemi moteri imekufa. Inasema kompyuta imeona kitu kisicho cha kawaida na imeandika kodi. Tatizo ni kwamba skaneri ndogo za bei rahisi zinazounganishwa na simu mara nyingi hazisomi gari za soko la Japani za mwanzo wa miaka ya 2000, hata kama tundu lenyewe linafanana. Skaneri ikisema "hakuna mawasiliano", si lazima kompyuta iwe imeungua. Kwa Toyota nyingi za umri huo kuna njia ya zamani: kwenye tundu la chini ya volani, shimo namba 4 na namba 13 zinaunganishwa kwa waya mfupi, kontakti inafunguliwa, na taa ya moteri inapepesa kodi ya tarakimu mbili, mipepeso ya kwanza kwa makumi, ya pili kwa mamoja. Afanye mtu anayejua kuhesabu mashimo, kwa kuwa namba 16 ina umeme wa bateri moja kwa moja na kosa hapo linaweza kuunguza.

Kodi nayo si hukumu. Kodi inayotaja sensa ya oksijeni inaweza kuletwa na tundu kwenye bomba la moshi, ama na hewa inayoingia kupitia kipande cha mpira kilichopasuka kati ya filtri na moteri. Kubadilisha sensa kwa sababu imetajwa ni kama kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga filimbi.

Kutetemeka na kukatakata

Moteri inayotetemeka kwenye ralanti, yaani gari ikiwa imesimama bila kukanyaga, inachunguzwa hivi. Katika moteri hizi kila silinda ina bobini yake juu ya bujia. Moteri ikiwa imezimwa, bobini ya silinda ya kwanza inahamishwa hadi ya pili na ya pili hadi ya kwanza. Kama ubovu umehama pamoja na bobini, bobini ndiyo mbaya. Kama umebaki pale pale, bujia zihamishwe vivyo hivyo. Kama bado haukuhama, tuendelee na injekta, kisha kompresyo. Kazi ya dakika ishirini, haina gharama, na inaokoa mtu kununua bobini nne kwa ajili ya moja.

Kabla ya hapo kuna swali moja: gari imeoshwa lini? Mjini, gari nyingi zinaoshwa kwa maji yanayorushwa hadi ndani ya moteri ili ing'ae. Maji yanakaa kwenye visima vya bujia, na kesho yake gari inakata. Bobini zikitolewa, visima vikaushwe kwa hewa ya kompresa, mara nyingi shida inaishia hapo.

Kama silinda zote ziko sawa lakini ralanti inapanda na kushuka, ama moteri inazima kwenye rondi-pwe, kinachoshukiwa ni masizi kwenye mlango wa hewa. Kinasafishwa kwa dawa yake ya kupuliza na kitambaa. Sensa ya hewa iliyo karibu na filtri inapuliziwa dawa yake pia, wala haisuguliwi kwa brashi wala kwa esansi. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele.

Halafu kuna esansi. Wengi wananunua kwa kadafi, kwenye chupa na bidoni za kando ya barabara, na siku zingine hakuna njia nyingine. Esansi iliyochanganywa na petroli ya taa ama maji inafanya moteri ikatekate hasa wakati wa kupanda na kubeba. Jaribio ni jepesi: chupa nyeupe ya plastiki ijazwe, iachwe nusu saa bila kutikiswa. Maji yatashuka chini na mstari utaonekana. Petroli haitaonekana hivyo, lakini tone lake kwenye karatasi linaacha doa la mafuta, wakati esansi safi inaruka na kuacha karatasi karibu kavu. Mwenye 2ZZ-GE awe mwangalifu zaidi: moteri yake inabana hewa mara 11.5 na ilitengenezewa esansi ya daraja la juu. Urefu wa Goma unaisaidia kidogo. Hata hivyo, mlio kama wa vijiwe vidogo kwenye kopo wakati wa kukanyaga ni onyo la kuacha kukanyaga. Filtri ya esansi katika gari hizi iko ndani ya tanki, pamoja na pompi. Mtu asiambiwe gari yake "haina filtri".

Maji yanachemka

Hapa ndipo moteri zinapokufa kweli. Maji ya kawaida yanachemka kwa digrii 100 kando ya bahari, lakini Goma yanachemka karibu digrii 95, na Kibumba chini zaidi. Kinachozuia yasichemke ndani ya moteri ni kifuniko cha radiateri, kile kidogo ambacho hakuna anayekijali. Kikishikilia presha yake, maji yanaweza kufika karibu digrii 120 bila kuchemka. Mpira wake ukipasuka, ama springi ikilegea, gari ambayo ilikuwa sawa kando ya bahari inaanza kutupa maji hapa. Kifuniko kipya chenye presha ile ile iliyoandikwa juu yake ni piesi ya kwanza kujaribu. Kisifunguliwe moteri ikiwa ya moto. Watu wameungua uso na macho kwa haraka hiyo.

Kinachofuata ni vantilateri. Moteri iachwe ikifanya kazi gari imesimama, hadi ipate moto. Vantilateri iwake yenyewe, ipoze, izime. Kama haiwaki, fyuzi na rele ziangaliwe kabla ya moteri yake. Garaji nyingi zinaiunganisha moja kwa moja izunguke wakati wote. Inaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini si matengenezo. Ni vivyo hivyo kuhusu termostati. Ni kawaida katika eneo letu kuitoa na kuitupa gari ikichemka mara moja. Gari isiyo na termostati inafanya kazi ikiwa baridi kila asubuhi: inakunywa esansi zaidi, mafuta ya moteri yanachafuka, na kwa 2ZZ-GE kamu ya juu haifunguki mapema, kwa sababu kompyuta inasubiri moteri ipate moto. Inawekwa mpya, inayofunguka karibu digrii 82, na mambo yanaisha.

Na maji yenyewe? Maji ya ziwa Kivu yana chumvichumvi nyingi. Kila anayeyachemsha anajua ukoko unaobaki kwenye sufuria. Ukoko huo huo unakaa ndani ya radiateri na kuziba mirija myembamba. Maji ya mvua yaliyochujwa ni bora kwa dharura, na dawa ya radiateri ni bora kuliko yote kwa sababu inazuia kutu. Kama maji yaliyomo yana rangi ya kahawia, yamwagwe yote, isafishwe, ijazwe upya.

Moteri iliyochemka mara nyingi inaacha alama. Mapovu yanayoendelea kwenye radiateri moteri ikiwaka, mafuta yanayofanana na mayonezi kwenye jogi, presha kwenye mabomba ya mpira asubuhi kabla ya kuwasha. Mayonezi kidogo chini ya kifuniko peke yake, kwa gari inayofanya safari fupi za Himbi hadi Birere, inaweza kuwa unyevu tu; kwenye jogi ni jambo lingine.

Mafuta yanapungua

Mwenye ZZE122 asome hapa mara mbili. 1ZZ-FE ya miaka ile inajulikana duniani kwa kunywa mafuta: matundu ya kurudishia mafuta kwenye pistoni ni madogo, yanaziba kwa masizi, na segma inanata. Gari inaweza kuwa na nguvu, bila taa yoyote, na bado ikamaliza mafuta kati ya matengenezo mawili. Taa nyekundu ya mafuta inawaka kwa presha kushuka. Ikiwaka, madhara yameshaanza. Dawa ni jogi: kila wiki, asubuhi, gari ikiwa sehemu ya tambarare. Mtu aandike kilomita na kiasi alichoongeza. Baada ya kilomita 1,000 atajua kama gari yake inakunywa kidogo cha kuvumilika ama imefika hatua ya kufunguliwa.

Kiasi nacho ni muhimu. 1NZ-FE na 1ZZ-FE zinachukua karibu lita 3.7 pamoja na filtri; 2ZZ-GE lita 4.4. Fundi anayefungua bidoni ya lita nne na kuimwaga yote kwa kila gari anaizidisha moja na kuinyima nyingine. 2ZZ-GE iliyopungukiwa inapopelekwa juu ya mizunguko 6,000 kwenye kona ndefu inavuta hewa badala ya mafuta, na beringi zinaisha siku hiyo hiyo. Unene uwe 5W-30 ama unaokaribia. Mafuta mazito ya lori yanafanya moteri ya VVT-i ichelewe, na vali yake ndogo yenye kichujio inaziba.

2ZZ-GE ina ubovu wake maalumu. Kuanzia karibu mizunguko 6,000 inahamia kwenye kamu ya pili, kali, na hapo ndipo farasi zinapokaa. Kwenye moteri za miaka ya mwanzo, bolti mbili ndogo zinazoshika kazi hiyo chini ya kifuniko cha supapu zinakatika. Gari inabaki inakwenda vizuri, lakini juu ya 6,000 hakuna kinachotokea. Wengi wanaambiwa moteri imechoka. Kifuniko kifunguliwe, bolti ziangaliwe, ziwekwe mpya. Na kabla ya hapo ihakikishwe kwamba kiasi cha mafuta ni sawa na moteri ina moto wa kutosha, maana bila hivyo viwili haifunguki hata ikiwa mzima. Jaribio la mizunguko 6,000 lisifanywe katikati ya motari na chukudu za mjini.

Vitesi, chini ya gari, freni

Embreyaji inajaribiwa kwa kupanda: kitesi cha tatu, mwendo mdogo, kanyaga. Kama mlio unapanda na gari haiongezi mwendo, diski inateleza. Kwa bwati ya otomatiki, kabla ya kusema imeharibika, mafuta yake yaangaliwe rangi na aina. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, ni habari mbaya. Bwati ya otomatiki ya kawaida na ile ya CVT iliyo kwenye Vitz zingine hazitumii mafuta mamoja, na kuyachanganya kunaua bwati ndani ya muda mfupi.

Gari hizi ni za chini, na barabara za ndani za Ndosho ama Mugunga zina makoro. Karteri igunduliwe kama imegongwa, na kama inavuja mafuta. Mlio wa ko-ko-ko kwenye mashimo madogo mara nyingi ni vijiti vya kiunganisho cha stabilizateri, piesi ya bei ndogo, kabla ya kuwa amortiseri. Mlio wa kata-kata volani ikigeuzwa hadi mwisho ni kardani, na mpira unaoifunika utakuwa umepasuka na kuingiza vumbi. Volani inayocheza ama gurudumu linaloyumba likishikwa juu na chini ni rotili ama beringi, na gari hiyo isiende Sake, achilia mbali Rutshuru.

Freni hazina subira. Pedali inayozama polepole mguu ukiwa umekanyaga inaonyesha pompi kuu inapitisha. Pedali laini kama sponji ni hewa ama maji kwenye mafuta ya freni. Mafuta hayo yanavuta unyevu mwaka hata mwaka, na wakati wa kushuka Kibumba kuja Goma, plaketi zikiwa za moto, maji yaliyomo yanachemka na pedali inakwenda hadi chini bila kushika kitu. Yabadilishwe yote kwa DOT 3 ama DOT 4 gari ikinunuliwa tu, bila kuuliza. Mafuta ya moteri ama ya volani yasitiwe humo hata kidogo, hata kwa dharura: yanavimbisha mpira wote wa freni, na mfumo mzima unabadilishwa. Na mshuko unashukwa kwa kitesi kidogo, moteri ishike gari.

Kwenye garaji, makubaliano yafanywe kabla: piesi iliyotolewa inarudishwa kwa mwenye gari, na fundi aonyeshe alichopima. Fundi mzuri hachukii swali hilo.

Inabaki taa za mbele. Japani wanaendesha kushoto, na taa zao zimetengenezwa kumulika juu zaidi upande wa kushoto. Congo tunaendesha kulia, kwa hiyo gari ya volani ya kulia inamulika machoni mwa anayekuja usiku, na mara nyingi huyo ni motari mwenye abiria wawili. Kuzishusha kidogo kwa skrubu iliyo nyuma ya taa, mbele ya ukuta, ni kazi ya dakika kumi.